Ernest Just: Bingwa wa siri za seli aliyekosa kutunzwa kwao

MCHEZA kwao hutunzwa, walisema wahenga. Hata hivyo, kauli hiyo haikutimia katika maisha ya Profesa Ernest Everett Just, Mmarekani mweusi aliyekuwa miongoni mwa mabingwa wakubwa wa elimu ya seli katika nusu ya kwanza ya karne ya 20.

Katika nchi yake ya kuzaliwa, Just aliyafahamu mayai ya viumbe wa baharini kuliko karibu wenzake wote. Wanasayansi wazungu walipanga foleni kumwomba ushauri, na wengi walifaulu katika majaribio yao kwa kufuata maelekezo yake. Lakini hapakuwa na chuo kikuu kikubwa cha wazungu kilichokuwa radhi kumwajiri. Ilimbidi avuke bahari ya Atlantiki ndipo aketi na wasomi wenzake kama mtu miongoni mwa watu.

Alifariki mnamo Oktoba 27, 1941 jijini Washington akiwa na umri wa miaka 58, mwaka mmoja tu baada ya kuponea kambi ya wafungwa nchini Ufaransa.

Swali lililomkosesha usingizi kwa zaidi ya miaka 30 lingali linawashughulisha wataalamu hadi leo. Mwili mzima wa kiumbe hutokana na seli moja, yaani yai lililotungishwa. Yai hilo hugawanyika mara mbili, mara nne, mara nane, na kuendelea hivyo hadi seli zisizohesabika. Katika kila mgawanyiko, seli mpya hupata urithi uleule wa jeni. Je, ikiwa urithi ni mmoja, ni kitu gani hufanya seli hii iwe ya ngozi, ile ya moyo na nyingine ya ubongo?

Wakati ambapo wataalamu wengi walielekeza macho yao yote kwenye jeni zilizomo ndani ya kiini cha seli, Just alisisitiza kwamba jibu halingepatikana pasipo kuitazama seli nzima, kuanzia kiini hadi ukingo wake wa nje kabisa. Msimamo huo ulimletea sifa, na pia ulimletea maadui.

Just alizaliwa Agosti 14, 1883 katika mji wa Charleston, jimbo la South Carolina, kusini mwa Marekani. Utumwa ulikuwa umekomeshwa nchini humo chini ya miaka 20 tu iliyotangulia, na sheria za kuwatenga watu weusi zilikuwa zikiimarishwa mwaka baada ya mwaka.

Babake, Charles Fraser Just, alikuwa fundi wa kujenga gati bandarini. Alifariki Ernest akiwa na umri wa miaka minne, akaiacha familia katika ufukara na madeni.

Mzigo wa malezi ulimwangukia mamake, Bi Mary Matthews Just. Mwanamke huyu hakuwa wa kukata tamaa. Alikuwa mwalimu, na mapato ya ualimu yalipokosa kutosha alifanya kazi katika machimbo ya fosfeti, madini yanayotumiwa kutengeneza mbolea, katika kisiwa cha James kilicho karibu na Charleston. Aliwashawishi wakazi weusi wa eneo hilo kununua ardhi na kuanzisha makao yao wenyewe. Mji huo mdogo ulipewa jina la Maryville kwa heshima yake.

Ernest alipokuwa mtoto aliugua homa ya matumbo iliyokaribia kumuua. Alipopata nafuu aligundua kwamba alikuwa amesahau kusoma, akalazimika kuanza upya kujifunza herufi moja baada ya nyingine. Mamake alikuwa mwalimu wake katika kipindi hicho kigumu. Yamkini hapo ndipo alipojifunza ule uvumilivu ambao baadaye ulimwezesha kukaa saa nyingi mbele ya hadubini akilitazama yai moja.

Akiwa na umri wa miaka 13 alipelekwa katika chuo cha watu weusi cha Orangeburg, ambacho siku hizi ni Chuo Kikuu cha Jimbo la South Carolina. Alihitimu mwaka wa 1899 na akaruhusiwa kuwa mwalimu. Lakini yeye na mamake walitambua kwamba elimu ya kusini haingemfikisha mbali. Mwaka wa 1900 alielekea kaskazini na kujiunga na shule ya Kimball Union katika jimbo la New Hampshire, akiwa mwanafunzi mweusi wa pekee.

Katika mwaka wake wa pili shuleni humo, Just alifunga safari ndefu kurudi nyumbani kumtembelea mamake. Alipowasili alipata kwamba mama huyo alikuwa amezikwa muda wa saa moja tu kabla ya yeye kufika. Kijana huyo alirejea shuleni akiwa yatima kamili. Badala ya kuvunjika moyo, alikamilisha masomo ya miaka minne kwa miaka mitatu, akawa mhariri wa gazeti la shule na kiongozi wa chama cha mijadala, na mwaka wa 1903 akahitimu akiwa wa kwanza darasani.

Kutoka hapo alijiunga na Chuo cha Dartmouth. Ni huko ambako, katika masomo ya biolojia, alisoma jinsi yai linavyokua hadi kuwa kiumbe kamili. Tangu siku hiyo, moyo wake ukatekwa. Alihitimu mwaka wa 1907 kwa heshima za juu, akitunukiwa sifa maalumu katika elimu ya wanyama.

Kwa kijana mzungu mwenye alama kama hizo, milango ya vyuo vikuu vikuu ingefunguka yenyewe. Kwa Just, mlango ulikuwa mmoja tu: kufundisha katika chuo cha watu weusi. Mwaka huohuo wa 1907 aliajiriwa na Chuo Kikuu cha Howard jijini Washington, kwanza akifundisha lugha ya Kiingereza. Miaka miwili baadaye alianza kufundisha biolojia, na mnamo 1912 akateuliwa kuwa mkuu wa idara mpya ya elimu ya wanyama, wadhifa aliokuwa nao hadi kifo chake. Kwa miaka kadhaa alifundisha pia wanafunzi wa udaktari chuoni humo.

Mnamo Novemba 1911 aliwasaidia wanafunzi watatu wa Howard kuanzisha chama cha udugu cha Omega Psi Phi, ambacho kilienea hadi kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya wasomi weusi Marekani. Juni 1912 alimuoa Bi Ethel Highwarden, mwalimu wa Kijerumani chuoni Howard, na wakajaliwa watoto watatu.

Safari yake ya utafiti ilianza mwaka wa 1909 katika kijiji cha Woods Hole, jimbo la Massachusetts, palipokuwa na maabara maarufu ya viumbe wa baharini. Kila kiangazi wataalamu kutoka kote Marekani na Ulaya walikusanyika huko. Mkurugenzi wa maabara hiyo, Profesa Frank Lillie wa Chuo Kikuu cha Chicago, alimchukua Just kuwa msaidizi wake. Kuanzia wakati huo hadi mwaka wa 1930, Just alikosa kwenda Woods Hole kiangazi kimoja tu.

Kazi yenyewe haikuwa ya kuvaa suti. Viumbe aliowachunguza, hasa minyoo wa baharini wa jamii ya Nereis, huzaana usiku katika majira ya kiangazi, wakifuata mwandamo wa mwezi. Punde jua linapotua, minyoo hao huacha mashimo yao na kuogelea juu ya maji, madume wakizunguka majike kwa kasi. Just alisimama gatini akiwa na taa na wavu mdogo, akiwanasa mmoja mmoja. Mwaka wa 1913 yeye na Lillie walichapisha maelezo kamili ya mienendo hiyo.

Sababu ya kuchagua viumbe hawa ni rahisi kueleza. Yai la mamalia limefichika ndani ya mwili wa mama. Lakini viumbe wengi wa baharini humwaga mayai na manii majini, na utungisho hutokea hukohuko nje. Mtafiti huweza kuyachukua mayai hayo, akayaweka katika bakuli la kioo lenye maji ya bahari, akaongeza manii, kisha akatazama kwa hadubini jinsi uhai mpya unavyoanza. Kwa muda mfupi tu ataliona yai likigawanyika mara ya kwanza.

Andiko la kwanza la Just lilichapishwa mwaka wa 1912. Alionyesha kwamba katika yai la Nereis, mahali manii inapoingilia ndipo panapoamua mstari ambao yai litagawanyikia mara ya kwanza. Manii inaweza kuingia popote, na popote itakapoingia, mgawanyiko huifuata. Ugunduzi huo ulikuwa na maana kubwa, kwani ulidhihirisha kwamba tukio linalotokea kwenye uso wa yai huathiri jinsi yai lote litakavyogawanyika.

Sifa zake zilivuma haraka. Februari 12, 1915, akiwa na umri wa miaka 31, Just alitunukiwa Medali ya Spingarn na chama cha NAACP kinachopigania haki za watu weusi. Alikuwa mtu wa kwanza kabisa kupokea medali hiyo, ambayo baadaye walitunukiwa vigogo kama W.E.B. Du Bois na Martin Luther King. Mwaka uliofuata, 1916, alipata shahada ya uzamifu kutoka Chuo Kikuu cha Chicago.

Katika Woods Hole, aliheshimiwa kwa jambo ambalo wengi walilipuuza, yaani usafi na uangalifu. Just alifundisha kwamba yai lililoumizwa haliwezi kumweleza mtafiti ukweli. Vyombo vilipaswa kuoshwa hadi visiwe na chembe ya kemikali, maji yawe na ujoto ufaao, na mayai yasichanganyike na damu au majimaji ya mwili wa mnyama. Aliweza kutabiri, kwa kulitazama yai tu, iwapo lingekua vyema au la. Wataalamu waliokuwa wameshindwa katika majaribio yao walimwendea, wakagundua kwamba kosa halikuwa katika nadharia zao bali katika mayai mabovu waliyoyatumia.

Kazi iliyomletea sifa zaidi ilihusu kile kinachotokea katika sekunde za kwanza za utungisho. Yai moja huzingirwa na manii chungu nzima, lakini likiingiliwa na zaidi ya moja, hesabu ya kromosomu huvurugika na kiinitete hufa. Basi yai hufunga vipi mlango baada ya mgeni wa kwanza kuingia?

Akimchunguza mnyama bapa wa baharini mwenye umbo la sarafu, aitwaye kisayansi Echinarachnius, Just aliona kwamba mara tu manii inapogusa uso wa yai, badiliko fulani huanzia mahali hapo na kusambaa kama wimbi hadi upande wa pili. Popote wimbi hilo lilipopita, manii nyingine hazikuweza kuingia. Baada ya hapo ndipo utando uliolizunguka yai ulipoinuka na kuwa ukuta unaoonekana. Kwa maneno mengine, palikuwa na kufuli ya haraka isiyoonekana, kisha ukuta wa polepole unaoonekana.

Alifikia hitimisho hilo mnamo 1919, kwa kutumia macho, hadubini na subira. Ilipofika 1976, mtafiti Laurinda Jaffe alithibitisha kwa vifaa vya kupima umeme kwamba mayai ya viumbe wa jamii hiyo ya miiba hakika hujikinga haraka kwa badiliko la umeme kwenye utando wake. Just alikuwa kaburini kwa miaka 35.

Utafiti huo ulimgonganisha na Jacques Loeb, mmoja wa wanasayansi mashuhuri zaidi wa wakati huo. Mwaka wa 1899 Loeb alikuwa ameushangaza ulimwengu kwa kuyafanya mayai ya baharini yaanze kukua bila manii, kwa kutumia kemikali pekee. Kwa maoni yake, utungisho ulikuwa suala la kemia tu: manii huudhuru uso wa yai, kisha kitu kingine huliponya.

Just alirudia majaribio hayo kwa uangalifu wake wa kawaida, na mwaka wa 1922 akaonyesha kwamba maji ya bahari yaliyozidishwa chumvi yalitosha peke yake kulianzisha yai safari ya kukua. Nadharia ya madhara na tiba haikuwa na msingi. Yai halikuwa mtungi mtupu unaosubiri kujazwa; lilikuwa na uwezo wake lenyewe, na manii au kemikali iliuamsha tu. Loeb, ambaye awali alimuunga mkono Just katika masuala ya medali na haki za watu weusi, hakuupokea vyema ukosoaji huo.

Suala lililozua mjadala mkubwa zaidi ni lile la jeni. Katika miaka hiyo, Thomas Hunt Morgan na wanafunzi wake walikuwa wamethibitisha, kwa kuwachunguza nzi wa matunda, kwamba jeni zimo ndani ya kromosomu. Morgan alituzwa Nobel kwa kazi hiyo mwaka wa 1933. Wengi waliamini kwamba sasa ufunguo wa uhai umepatikana.

Just hakukana kwamba jeni zipo. Pingamizi lake lilikuwa hili: ikiwa jeni ni zilezile katika kila seli, haziwezi peke yake kueleza kwa nini seli hutofautiana. Lazima kuwe na kitu nje ya kiini, katika saitoplazimu, yaani ule ute unaojaza seli, kinachoamua jeni zifanye nini na lini.

Mwaka wa 1936 alichapisha nadharia iliyojaribu kuunganisha elimu ya urithi na elimu ya ukuaji. Alipendekeza kwamba katika kila mgawanyiko wa seli, kiini huchota na kufungia viambata fulani kutoka kwenye saitoplazimu. Vile vinavyobaki huru ndivyo vinavyoipa seli kazi yake. Ni mithili ya mchuuzi mwenye bidhaa nyingi anayeziondoa baadhi mezani kila anapohama mtaa. Wanunuzi hupata kile alichokiacha wazi.

Undani wa nadharia hiyo haukuthibitishwa. Leo inajulikana kwamba jeni hazifanyi kazi kwa kufungia viambata, bali kwa kutoa nakala za maagizo ya kuunda protini. Aidha, Just hakuupa uzito wa kutosha uwezo wa jeni zenyewe. Alifariki miaka mitatu kabla ya utafiti wa mwaka wa 1944 uliobainisha kwamba DNA ndiyo hubeba urithi, na miaka 12 kabla ya umbo la DNA kufumbuliwa mwaka wa 1953.

Lakini kiini cha swali lake kilikuwa sahihi. Seli zote za mwili hubeba takriban kitabu kilekile, ila kila aina ya seli husoma kurasa zake. Baadhi ya jeni huwashwa, nyingine huzimwa, na protini zinazoamua hayo aghalabu hutoka kwenye saitoplazimu na kuingia katika kiini. Ishara za kuamuru hivyo mara nyingi hupokelewa kwenye uso wa seli, palepale Just alipokuwa amekaza macho.

Mgawanyiko wa seli wenyewe umethibitika kuwa kipindi muhimu katika utendakazi wa jeni. Seli inapokaribia kugawanyika, kromosomu hujikunja na kukazana, na usomaji wa jeni nyingi husimama. Mgawanyiko ukikamilika, seli changa lazima ikumbuke ni jeni zipi za kuwashwa tena. Kumbukumbu hiyo ikivurugika, seli huweza kupotea njia, na mojawapo ya matokeo yake ni saratani.

Katika mayai ya baharini, mambo ni ya ajabu zaidi. Migawanyiko ya mwanzo haihitaji maagizo mapya kutoka kwenye kiini, kwa sababu mama ameshaweka akiba ya maagizo hayo katika saitoplazimu ya yai. Mnamo 1936, mwaka uleule wa nadharia ya Just, mtafiti Ethel Browne Harvey alionyesha kwamba vipande vya yai visivyo na kiini kabisa viliweza kuanza kugawanyika.

Baadaye, mnamo 1982, Mwingereza Tim Hunt alikuwa akifanya majaribio katika maabara ileile ya Woods Hole, akitumia mayai ya Arbacia, kiumbe yuleyule wa miiba ambaye Just alimchunguza miaka 60 awali. Aliona protini fulani ikiongezeka kisha ikitoweka ghafla kila yai lilipogawanyika. Aliiita saiklini. Ilibainika kwamba ndiyo mojawapo ya saa zinazoendesha mgawanyiko wa seli katika viumbe, binadamu wakiwemo. Hunt na wenzake wawili walituzwa Nobel mwaka wa 2001.

Hata hivyo, katika uhai wake Just hakuyaona matunda hayo. Alichokiona ni mlango mmoja baada ya mwingine ukifungwa. Kule Howard alilemewa na vipindi vya kufundisha, bila maabara ya kutosha. Ufadhili alioupata, hasa kutoka kwa tajiri Julius Rosenwald katika miaka ya 1920, ulitolewa kwa matarajio kwamba angewafunza watu weusi, si kwamba angeongoza sayansi ya dunia.

Wala Just mwenyewe hakuwa malaika. Alikuwa mwepesi wa kukasirika na mgumu wa kusamehe. Mwanafunzi wake Roger Arliner Young, ambaye mwaka wa 1940 alikuja kuwa mwanamke mweusi wa kwanza Marekani kupata shahada ya uzamifu katika elimu ya wanyama, alifanya naye kazi kwa miaka mingi Woods Hole, lakini uhusiano wao ulivunjika kwa uchungu na mwanamke huyo akapoteza kazi chuoni Howard mwaka wa 1936.

Mwaka wa 1929 Just alisafiri hadi Naples, Italia, kufanya utafiti katika kituo maarufu cha elimu ya bahari. Huko alipokelewa kama msomi, si kama mtu mweusi aliyejaliwa kuwa msomi. Mwaka uliofuata akaalikwa katika Taasisi ya Kaiser Wilhelm mjini Berlin, Ujerumani, kituo kilichojaa washindi wa Nobel.

Alirejea Woods Hole kiangazi cha 1930 kuhudhuria sherehe ya kutimiza miaka 60 kwa mlezi wake, Lillie. Alipopewa nafasi ya kuzungumza, aliwaeleza waliohudhuria kwamba alikuwa amepata undugu zaidi katika muda mfupi aliokaa Ulaya kuliko katika miaka yote aliyofanya kazi miongoni mwao. Kisha akaondoka. Hakurudi tena kufanya utafiti mahali hapo alipopapenda kwa miaka 20.

Bahati mbaya haikumwacha. Mnamo 1933 Adolf Hitler alitwaa mamlaka Ujerumani, na nchi iliyokuwa imempa Just heshima ikageuka kuwa ngome ya ubaguzi mbaya kuliko ule aliokuwa ameukimbia. Alihamishia kazi yake Ufaransa, hasa katika kituo cha Roscoff kwenye pwani ya Brittany. Mwaka wa 1938 aliamua kuhamia Ulaya moja kwa moja, licha ya kwamba fedha zilikuwa haba na uhusiano wake na uongozi wa Howard ulikuwa umedorora.

Mwaka wa 1939 ulikuwa kilele chake. Alichapisha vitabu viwili, kimoja kuhusu biolojia ya uso wa seli na kingine kuhusu mbinu za kufanyia majaribio mayai ya viumbe wa baharini. Katika kitabu cha kwanza alikusanya mawazo yake yote: kwamba seli ni kitu kimoja, kwamba kiini, saitoplazimu na uso wake hushirikiana, na kwamba uhai haumo katika kipande kimoja pekee. Mwaka huohuo, baada ya ndoa yake ya kwanza kuvunjika, alimuoa Hedwig Schnetzler, Mjerumani aliyekuwa amekutana naye Berlin.

Kisha vita vikaja. Mnamo 1940 majeshi ya Ujerumani yaliivamia Ufaransa. Serikali ya Ufaransa ilikuwa imewataka wageni waondoke, lakini Just alibaki Roscoff akijaribu kukamilisha kazi yake. Alikamatwa na kuzuiliwa kwa muda katika kambi ya wafungwa. Aliachiliwa kwa msaada wa familia ya mkewe, na Septemba 1940 akarejea Marekani, nchi aliyokuwa ameapa kuiacha.

Tayari alikuwa mgonjwa. Alirudi katika kiti chake Howard, lakini afya yake ilizidi kuzorota. Saratani ya kongosho, ugonjwa wa seli zinazogawanyika bila kusikiliza amri, ilimuua mtu aliyetumia maisha yake kuchunguza jinsi seli zinavyotii amri. Aliacha maandiko zaidi ya 70.

Kwa miongo kadhaa jina lake lilififia. Lilianza kutajwa tena mwaka wa 1983, mwanahistoria Kenneth Manning alipochapisha wasifu wake uliotuzwa. Mwaka wa 1996 serikali ya Marekani ilitoa stempu ya posta yenye picha yake, na katika muongo huohuo chama cha wataalamu wa biolojia ya seli nchini humo kilianzisha tuzo iliyopewa jina lake.

Heshima hizo zilikuja akiwa hazihitaji tena. Kilichomfaa ni maabara, mshahara na wakati, na hivyo ndivyo alivyonyimwa alipokuwa hai. Haiwezekani kukadiria ni mangapi angeyagundua iwapo miaka aliyoitumia kuomba fedha na kuhama nchi angeitumia mbele ya hadubini.

Mama yule wa machimbo ya fosfeti alimfundisha mwanawe kusoma mara mbili. Mwana naye aliufundisha ulimwengu kulisoma yai, kuanzia ukingo wake hadi kiini, na kutoharakisha hitimisho. Kila seli inapogawanyika na kuchagua itakuwa nini, ni swali lake linaloulizwa upya, hata pale ambapo aulizaye hajawahi kulisikia jina la Ernest Everett Just.